Kabichi ya Mama Elisha

Kosa langu lilikuwa kumwambia Festo, "Sawa, tutapita." Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kwenye vani, mkanda umenibana tumbo, simu nimeibana sikioni, na maneno hayo yalinitoka kirahisi kama mtu anavyopiga mwayo. Ningemjibu kwamba leo haiwezekani, angenuna siku chache kisha angesahau, na mimi nisingekuwa na aibu hii ninayoishi nayo. Maana mpaka leo nikiingia kanisani Louisville hakosi mtu wa kuniuliza, tena kwa upole kabisa na mkono wangu ameushika, kama samaki hawajambo.

Lakini nirudi nyuma kidogo, vinginevyo mtadhani nilipata aibu kwa sababu ya kitoweo.

Mwanangu Elisha anafuga samaki wa baharini ndani ya nyumba. Alianza tulipokuwa bado wageni hapa Marekani, baada ya jirani mmoja aliyekuwa anahama kumwachia tangi dogo la kioo, na tangi likazaa tangi kubwa zaidi, mpaka ukuta mzima wa sebule yetu ya Okolona, mtaa wa hapa Louisville, ukawa bahari. Nasema bahari kwa makusudi, kwa sababu jambo zima linasimama hapo. Haya si maji ya ziwa. Elisha anayatengeneza mwenyewe kwa chumvi maalumu inayouzwa kwa ndoo (si chumvi ya mboga, na hili nitalirudia baadaye kwa masikitiko), anapima, anakoroga, anapima tena kama mfamasia. Ndani yake kuna samaki wadogo wa kila rangi, na kuna matumbawe, ambayo mimi kwa muda mrefu niliyaita mawe, mpaka siku Elisha aliponiita niangalie jinsi yanavyokula.

Mke wangu Veronika hakuhitaji kuonyeshwa. Alipoanza kuumwa figo, kiti chake tulikihamishia mbele ya lile tangi, na hapo ndipo alipokuwa anashinda akirudi hospitali. Kulikuwa na tumbawe moja la kijani lenye majani yaliyojikunja, akalipa jina Kabichi. Kila asubuhi aliuliza, "Kabichi imeamkaje?" na Elisha, ambaye mimi nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza kama mtoto yeyote aliyesomea huku, alimjibu mama yake kwa Kiswahili kilichonyooka, "Imeamka salama, Mama, inakusalimia." Veronika alipofariki Kabichi ilikuwa kama kiganja. Miaka iliyofuata ikawa kubwa kama sahani ya wali. Elisha hakuwahi kunieleza ina maana gani kwake, na mimi sikuuliza. Nilimwona tu asubuhi, kabla ya kwenda kazini ghalani, anasimama pale na koti lake mwilini.

Kisha akapata kazi nzuri kiwandani kule Tonawanda, karibu na mji wa Buffalo, akahamia Buffalo na mkewe na mtoto, wakapata nyumba mtaa wa East Side. Tangi na mitambo yake alivipeleka kwanza, akatengeneza maji mapya, kwa sababu maji hayo lazima yakae yatulie kabla viumbe hawajaingia. Viumbe wenyewe wakabaki kwangu, kwenye beseni kubwa gereji, na taa yao na pampu yao. Alikusudia kuja kuwachukua, ila kazini alikuwa mgeni na ruhusa hakupewa. Ndipo akanipigia.

Elisha si mtu wa kuomba. Tangu mama yake afariki hakuwahi kuniomba kitu, hata kumshikia ngazi. Shida zake anazimaliza mwenyewe, halafu mimi nazisikia zimekwisha kama habari za redio. Kwa hiyo siku ile aliposema, "Baba, unaweza kuniletea?" nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Akasita, akaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Nikamwambia, "Mimi nimeuza migebuka Kigoma kabla wewe hujazaliwa, leo samaki wa urembo ndio wanishinde?" Akacheka kidogo. Nilifurahi kwa kicheko kile kuliko ninavyoweza kueleza.

Akanielekeza kwa simu ya video namna ya kufungasha. Samaki kwenye kasha la plastiki, lile la kubebea soda na barafu. Matumbawe na mawe yao kwenye makasha mengine mawili, yote na maji yaleyale waliyoyazoea, na kila kasha na kipampu cha betri cha kupuliza hewa. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao ni wagomvi, wakawekwa peke yao kwenye ndoo. Halafu akanipa masharti. Tusisimame ila kwa mafuta, tusifungue, na kwa namna yoyote ile tusibadilishe maji. Hilo la mwisho alilisema kwa Kiswahili ili liniingie. "Maji yao ndiyo damu yao, Baba."

Nikasema nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa kweli, siwezi kujificha hapo.

Gari lilikuwa la Bosco, mzee mwenzangu kanisani, Mkongomani wa milima ya juu ya Uvira, mtu mcheshi ambaye angekusindikiza hata jela mradi kuna mazungumzo njiani. Yeye alikuwa anampelekea binti yake kitanda huko Buffalo. Tukatoka Jumamosi asubuhi, makasha tumeyafunga kamba, ndoo tumeiweka nyuma ya kiti cha Bosco na koti lake juu yake ili wasipate baridi. Kabla ya kuondoka Bosco alitupiga picha tukiwa tumesimama mbele ya gari kama watu wanaokwenda kufungua mkutano, akaituma kwenye kundi la simu la kanisa. Picha hiyo ndiyo iliyotuuza.

Festo aliiona, akapiga. Huyu Festo tulikaa naye kambi ya wakimbizi Tanzania, nyumba yake na yangu zikitazamana, mvua ikinyesha tunaazimana turubai. Siku hizi anakaa Columbus, na Columbus iko katikati ya njia yetu. Aliniuliza kama ni kweli nimepanga kupita mji wake kama lori la mizigo lisilo na ndugu. Nikajaribu kueleza kwamba nina vitu vya Elisha visivyotaka kusimama. Akasema, "Zakaria, ukipita leo bila kukanyaga kwangu, basi na msibani kwangu usije." Bosco, aliyekuwa anasikia kila kitu, akaingilia bila kuulizwa.

"Bon, Mzee, kupita kwa muntu bila kumusalimia, ile ni matusi. Tunaingia, tunasalimia, tunatoka. Donc ni mambo ya dakika tu."

Ndipo niliposema sawa.

Tulipoegesha kwa Festo nikaona hema jeupe uani, viti vimejaa, kwaya imevaa sare, magari mpaka barabarani. Binti yao Rehema alikuwa amejifungua baada ya kusubiri miaka mingi, na siku ile walikuwa wanamshukuru Mungu kwa mtoto. Festo hakuniambia kwenye simu kwa sababu alitaka iwe furaha ya ghafla. Nikashuka garini na jambo la kwanza nililoligundua ni mikono yangu. Ilikuwa mitupu. Mzee wa umri wangu, natoka jimbo jingine, naingia kwenye shukrani ya mtoto sina hata kitenge, hata sukari, hata boksi la nepi. Wanaonielewa wameshanielewa.

Festo akanikumbatia, mkewe Mama Rehema akanishika mikono yote miwili, na salamu zetu mnazijua, huwezi kuzikatisha. Unaulizwa habari za nyumbani, za afya, za msiba, wa Veronika tukaulilia tena kidogo. Katikati ya hayo nikaona kwa pembeni vijana wa Festo wamefungua mlango wa nyuma wa vani na kasha la kwanza linashuka. Kwetu mgeni habebi mzigo wake. Na mzigo wa mgeni humuulizi ni wa nini, kwa sababu kumuuliza ni kama kusema ulitegemea kitu. Unauchukua kimya kimya unaupeleka jikoni. Mimi mwenyewe nimewafundisha hivyo watoto wangu.

Nikafungua mdomo. Nawaapia niliufungua. Lakini mmoja wao alikuwa amechungulia chini ya kifuniko, akamnong'oneza Festo, na Festo akageukia hema na sauti ile aliyokuwa akiitia watu kwenye mgao wa unga, akatangaza kwamba Mzee Zakaria ametuletea samaki hai kutoka Louisville. Vigelegele vikapigwa. Kinamama waliinuka. Rehema mwenyewe, na mtoto mgongoni, akapiga goti mbele yangu kushukuru.

Na mimi nikasema, "Amina."

Hapo palitosha neno moja tu. Ningesema, jamani hawa si zawadi, ni wa Elisha, watu wangecheka, mimi ningeona aibu ya dakika moja ya kuja mikono mitupu, makasha yakarudi garini. Sikulisema. Nilijiambia nitamnong'oneza Festo tukishakaa.

Tukakalishwa meza ya wazee, mimi kati ya mchungaji na baba mkwe wa Rehema, Festo yuko mwisho wa meza kule, huwezi kumnong'oneza labda uwe na tarumbeta. Kwaya ikaimba. Ikaimba tena. Mchungaji akaomba, na ni mtu anayeomba kwa kuzunguka nchi zote tulizopita. Nikamwita Bosco kwa macho, nikamweleza sikioni aende jikoni aone hali, awaambie taratibu wasiguse kitu. Alikaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akarudi anatafuna sambusa.

"Mzee, usiogope. Samaki ziko muzuri. Bamama bameziweka mu maji safi."

Maji safi, yaani maji ya bomba. Nikamuuliza kama amewaambia. Akasema alitaka kuwaambia, ila walimkaribisha kiti, na wanawake walikuwa wanaisifu sana roho yangu ya kutoa, akaona si vizuri kuniharibia jina. (Bosco ananiomba msamaha kwa hili mpaka leo, na mimi namwambia hana kosa, alifanya nilichofanya mimi, tena yeye alipewa sambusa.)

Nikawa nainuka, na mshereheshaji naye, kuniona nimeinuka, akafikiri nataka kusema neno, akaniletea kipaza sauti. Nilipaswa kulisema pale. Nikamtazama Rehema, nikamtazama mtoto, nikasema mtoto huyu akue katika kweli na uaminifu. Hata sijui niliyatoa wapi. Nikarudisha kipaza sauti na kukaa.

Kisha wakaanza kuingiza zawadi.

Mnajua zinavyoingizwa. Haziletwi tu, zinachezwa. Kinamama wanatoka jikoni kwa msururu, kila mmoja na kitu kichwani, nepi, blanketi, mkungu wa ndizi, wanarudi nyuma hatua wanasonga mbele, na mshereheshaji anataja nani ametoa nini. Wa nne au wa tano alikuwa mwanamama mnene anayecheza vizuri sana, na kichwani alikuwa na sinia, na kwenye sinia wamefunika kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa, katikati, ilikuwa Kabichi.

Sikuitambua mara moja. Ilikuwa nyeupe. Ilikuwa nyeupe kama mfupa uliochemshwa, imesuguliwa mpaka kwenye mikunjo, na wameifunga utepe wa waridi. Mshereheshaji akatangaza, "Kutoka kwa Mzee Zakaria wa Louisville, ua la jiwe!" Watu wakapiga makofi. Baba mkwe wa Rehema akanigeukia akasema kwamba kitu kama kile hajawahi kukiona, kitakaa sebuleni miaka yote.

Nikaondoka mezani. Sikuaga. Nilipita katikati ya wachezaji, na wengine wakadhani nacheza, wakanipisha na kunipigia vigelegele. Nikaingia jikoni, mahali ambapo mzee wa kwetu haingii watu wakiwa na shughuli, na nikakuta mawe yote ya Elisha yamepangwa juu ya taulo kando ya sinki, safi, yanatiririka maji, na msichana mmoja ana waya wa kusugulia masufuria, anamalizia la mwisho. Samaki walikuwa kwenye beseni la kufulia, ndani ya maji ya bomba. Wengine walikuwa wamelala ubavu. Yule wa manjano, ambaye Elisha alimnunua kwa mshahara wake wa kwanza, alikuwa anafungua mdomo na kuufunga juu juu.

Sasa hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo Columbus wananijua nalo. Nilijua wanahitaji chumvi. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu, chumvi, na pale mezani palikuwa na mkebe wa chumvi ya mboga karibu na vitunguu. Nikauchukua, nikaufungua mfuniko wote, nikaumimina ndani ya beseni, mkebe mzima, nikakoroga kwa mkono, shati langu la kanisani limelowa mpaka kwapani.

Yule msichana akaweka waya chini. Kisha Mama Rehema, kwa heshima kubwa, kama mtu anayemsemesha mgonjwa, akaniambia, "Baba, tuachie sisi. Chumvi tutatia wakishaiva."

Mmoja akacheka. Halafu wote wakacheka, na mimi nikakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikawaeleza. Nilieleza yote, Elisha, Veronika, kiti, tangi, Buffalo. Kicheko kilikufa kimoja kimoja. Mama Rehema akasema waliona maji yananuka na yana chumvi kali, na yeye ni mtu wa ziwani, kwao samaki hai unambadilishia maji ili asife. Na mawe waliona yameota kamasi, wakafikiri ni mapambo ya mjukuu, wakasema zawadi ya mgeni haiwekwi mezani na uchafu. Alipofika hapo akaanza kulia, na mimi nikawa namwomba asilie, tena siku ya mjukuu wake.

Habari ilifika hemani kabla yangu. Niliporudi muziki ulikuwa umezimwa. Walirudisha sinia kutoka meza ya zawadi, mbele ya watu wote, yule yule mwanamama, safari hii bila kucheza, na utepe akaufungua. Sijawahi kuona zawadi ikirudishwa kwa mgeni. Sidhani kama kuna aliyewahi. Festo alikuja akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Tumelala chini ya turubai moja, Zakaria. Ungeniambia tu." Kisha akawaagiza vijana warudishe mizigo garini.

Samaki wa kwenye beseni hawakupona, tuliwazika uani kwa Festo, nyuma ya banda la vifaa. Elisha alipiga tulipokuwa tumeshauacha mji. Nikamwambia tuko njiani, tunakwenda vizuri. Akaniuliza kama pampu zinafanya kazi, nikasema gari linapiga kelele simsikii vizuri. Bosco alinitazama. Akasema, "Mzee, umwambie sasa, ikiwa bado kuna njia ya kwenda." Nikasema nitamwambia uso kwa uso, ndiyo heshima. Haikuwa heshima. Nilikuwa nanunua saa chache za kuwa baba aliyeaminiwa.

East Side walikuwa wanatungoja. Elisha alikuwa ameita wenzake wawili wa kiwandani wamsaidie kubeba, na mzungu mmoja anayefuga samaki kama yeye alikuja na chupa zake za kupimia. Mkwe wangu alikuwa amepika. Mjukuu wangu wa kike alikuwa amechora kabichi ya kijani kwenye karatasi akaibandika juu ya tangi. Na tangi lenyewe, sijui niseme nini, maji yalikuwa yametakata kama hewa, taa ya buluu inawaka, mchanga umesawazishwa, na katikati amejenga kama kajukwaa, mahali pa Kabichi.

Nilitaka kumvuta pembeni. Lakini wale vijana wa kiwandani nao ni watu wenye adabu, mzee habebi, walishaingia garini na kasha la kwanza likawa sebuleni. Elisha akapiga magoti, akafungua kifuniko polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Lilikuwa limejaa sambusa.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mama Rehema na wenzake, katika huzuni yao, walikuwa wameyaosha makasha, wameyakausha, na wameyajaza chakula, sambusa zimepangwa kwa karatasi ya fedha, la pili ndizi na maharage, la tatu mandazi, na hii ndiyo ilikuwa njia yao ya kuomba radhi. Mimi sikuwa nimeyafungua, nilidhani yana mawe tu. Mzungu yule akatabasamu, akafikiri ni utani wa nyumbani kwetu. Mmoja wa wenzake Elisha akacheka kabisa. Elisha hakucheka. Alifungua la pili, akafungua la tatu, na chini ya mandazi, imefungwa kwenye kitambaa cha kufuma, akaikuta Kabichi.

Akaishika kwa mikono miwili. Akainusa. Ilinuka sabuni ya limau.

Mjukuu wangu akauliza kwa Kiingereza chake Kabichi ya bibi iko wapi, akajibiwa na mama yake waende jikoni. Nikaeleza, mbele ya wale watu wote, nimesimama na koti langu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuwa madogo na ya kijinga. Festo alipiga simu, wakabeba makasha, nikasema Amina. Elisha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili kile cha mama yake.

"Baba, kwa nini hukusema?"

Nikamwambia, "Niliona aibu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya kitu akaona basi. "Okay," akasema, akarudi kwenye Kiingereza, na huko amebaki.

Ndoo ilipona. Bosco aliikumbuka alipokwenda kuchukua koti lake, wale wagomvi wawili wa rangi ya chungwa walikuwa wazima kabisa, hakuna aliyewaona Columbus kwa sababu walikuwa chini ya nguo ya Bosco. Elisha aliwaingiza kwenye tangi lile kubwa baada ya kuwazoesha maji kidogo kidogo. Mawe hayakufaa tena, sabuni ilikuwa imeingia ndani. Nimekwenda Buffalo mara moja tangu siku hiyo, na wale wawili wanazunguka mahali pale patupu pa Kabichi wakigombania bahari nzima.

Festo na mimi tumepatana, na mtoto wa Rehema anatambaa. Nimejiwekea sharti kwamba siku hizi sitoki nje ya Louisville bila kitenge na kilo ya sukari kwenye begi, hata kama nakwenda kwa daktari, na Bosco ananicheka kwa hilo. Mtu akinishukuru kwa kitu ambacho sikutoa, namkatisha hapo hapo, hata awe amepiga goti. Inaumiza dakika moja.

Mwezi uliopita paa la Elisha lilivuja. Nilisikia kwa Bosco, ambaye alisikia kwa binti yake. Ngazi alishikiwa na jirani. Nikampigia, nikamuuliza kwa nini hakuniambia nije, nina muda, nimestaafu, na mkono wangu bado una nguvu. Akasema kwa adabu kabisa kwamba hakutaka kunisumbua, tayari limekwisha.

Hiyo ndiyo gharama. Nilikubali kupita kwa Festo, nikaona aibu kusema neno moja, na kwa ajili hiyo tumbawe ambalo mke wangu alilisalimia kila asubuhi limekufa, na mwanangu, aliyewahi kuniomba kitu kimoja tu tangu tumzike mama yake, haniombi tena.